Wanafunzi wa udaktari wanafaulu takwimu, wakifika wodini wanasema "bingwa kasema". Tunakosea wapi?

#1 Mwalimu wa Wodi 4

Wakuu, salaam.

Nafundisha wanafunzi wa udaktari wodi ya watoto, mwaka wa nne na wa tano. Wiki iliyopita kwenye raundi tulimkuta mtoto wa miaka miwili: homa kali, mikono na miguu ya baridi, anahema kwa nguvu, haharishi wala hana utapiamlo. Nikamuuliza mwanafunzi mpango wake. Hakusita: "Dripu, mililita 20 kwa kila kilo, iingie haraka." Nikamuuliza, umejuaje kwamba itamfaa huyu? Kimya. Mwenzake akamtetea: "Ndivyo tulivyofundishwa." Wa tatu akamalizia: "Bingwa wa wiki iliyopita alisema hivyo."

Kinachoniuma ni kwamba swali lile limejibiwa na watoto wetu wenyewe. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, lilihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, huku huku Afrika Mashariki. Waliomiminiwa maji ya chumvi haraka, asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Waliomiminiwa maji yenye albumini, yaani protini ya damu, 10.6. Wasiomiminiwa, waliopewa maji ya taratibu tu, 7.3. Vitabu vya dunia nzima vilikuwa vinasema kinyume, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Pale kitandani walikuwepo wanafunzi sita. Wote walifaulu epidemiolojia, elimu ya mienendo ya magonjwa, na takwimu mwaka wa pili. Hakuna aliyewahi kulisikia jaribio hilo.

Mimi naona tumeifanya tiba inayofuata ushahidi kuwa somo la kufaulu na kusahau. Tunalifundisha mbali na kitanda, miaka miwili kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa. Nataka kulihamishia wodini. Naomba kusikia kutoka kwa wanafunzi, mabingwa, manesi, hata waliowahi kulazwa: nianzie wapi?

#2 Madesa Bado Mawili

Mwalimu, mimi niko mwaka wa nne wa shahada ya udaktari (MD 4) chuo kingine. Nikueleze yalivyo upande wetu.

Mwaka wa pili tulikuwa zaidi ya mia mbili ukumbini, Ijumaa saa nane mchana. Kuna madesa tuliyorithi kwa madarasa ya mbele, ukiyameza umevuka. Swali la mtihani wa mwisho (UE): "Taja aina tano za upendeleo katika utafiti." Nilizitaja zote, zile kasoro zinazopinda majibu ya utafiti, nikapata B+. Leo ukinipa chapisho uniulize upendeleo uko wapi humo ndani, nitakutolea macho.

Halafu wodini anayetoa maksi ni bingwa. Kila bingwa ana jibu lake. Tuna daftari la kupokezana, limeandikwa daktari fulani anapenda nini na hataki kusikia nini. Hilo ndilo tunalolisoma usiku ili kukwepa sapu, yaani kurudia mtihani.

#3 Kibatari

Dogo hapo #2 kasema kweli tupu.

Mnazungusha maneno, tatizo ni ubwana. Nikiwa mafunzo kwa vitendo nilimuuliza mkubwa mmoja kwa adabu zote, "Samahani mzee, hii dozi tumeitoa kwenye mwongozo gani?" Aliniambia nitoke kwenye raundi nikasome, nikishajua kuliko yeye nirudi. Mbele ya wagonjwa. Mama mmoja mgonjwa alinionea huruma, akanipa chungwa.

Ni miaka kumi sasa. Sijawahi kuuliza tena swali lile kwa mtu aliyenizidi cheo. Mwalimu, hata uhamishe somo wodini, kama kuuliza ni kiburi, umehamisha madesa tu.

#4 Mtoto wa Muheza

Mmenigusa! Hiyo FEAST ilifanyika kwetu, Hospitali Teule Muheza. Watoto wote 3,000 na zaidi ni wa kwetu. Mama yangu alikuwa akiuza uji pale nje, anakumbuka magari ya watafiti. Leo ukiuliza vijana wa Tanga nzima, machungwa wanayajua, hilo hawalijui.

#5 Ssebo wa Mbale

Ndugu wa #4, polepole na watoto wetu. Muheza ilikuwa hospitali moja kati ya sita. Kenya ilikuwa Kilifi. Uganda tulikuwa na nne: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Gulu. Mkitaka kujisifu, tugawane kwa haki.

#6 Mtoto wa Muheza

Nimesahihishwa, asante ssebo. Moja kati ya sita, bado naringa nayo.

#7 Nesi Zamu ya Usiku

Hakuna anayetaja watu wanaoitundika hiyo dripu. Bingwa anasema, mwanafunzi anaandika, mimi ndiye natafuta mshipa saa tisa usiku.

Na kuna mtu mwingine hamjamtaja: bibi wa mtoto. Mtoto akilazwa asitundikiwe maji, ndugu wanasema hajatibiwa. "Nesi, mbona wa kitanda cha tatu katundikiwa na wetu hajatundikiwa?" Nimewahi kushuhudia daktari kijana aliyekuwa sahihi kabisa akiandika dripu ili kelele ziishe. Darasani mnawafundisha kusoma chapisho. Nani anawafundisha kumweleza bibi?

#8 Mama Wawili Temeke

Sasa mnanitisha. Mimi wangu mwaka jana aliharisha, macho yakazama, akawekewa dripu haraka haraka na nikaambiwa ndiyo imemwokoa. Kumbe wangemuua?

#9 Mwalimu wa Wodi 4

Dada #8, hapana, walifanya sawa. FEAST haikuwahusu watoto wenye kuharisha na kuishiwa maji, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Hao waliondolewa tangu mwanzo. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha anayahitaji, na kama anaweza kunywa anapewa ORS. Kilichopimwa ni kumimina maji mengi kwa haraka kwa mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu: malaria kali, nimonia, maambukizi ya damu.

Niliandika kwa kifupi mno kule juu, na kwa mambo haya ufupi una madhara. Nimejifunza.

#10 Takwimu Tamu

Mimi ni hao hao wa Ijumaa saa nane mchana, nafundisha takwimu. Nina la kujitetea na la kukiri.

La kukiri: mwaka 2004 jarida la tiba la BMJ lilichapisha mapitio ya kimfumo, yaani uchambuzi wa pamoja, ya tafiti 23 kuhusu kufundisha tiba ya ushahidi. Somo likikaa peke yake darasani, linaongeza maarifa basi. Likichanganywa na kazi ya wodini, linaongeza maarifa, stadi, mtazamo na mwenendo. Kwa hiyo mleta uzi ana ushahidi wa upande wake.

La kujitetea: hizo stadi haziji bila msingi. Tazameni namba za #1. Kutoka 7.3 hadi 10.6 ni tofauti ya asilimia 3.3, yaani kifo kimoja cha ziada kwa kila watoto kama 30 waliomiminiwa. Mwingine atachukua namba hizo hizo aseme "hatari imepanda kwa asilimia 45", na hajadanganya, maana 3.3 ni asilimia 45 ya 7.3. Mwanafunzi asiyeijua hesabu hii atayumbishwa na kila muuza dawa anayeingia na kalamu za bure. Nani atamfundisha wodini wakati raundi ina wagonjwa arobaini?

#11 Jamaa wa Nyalenda

Naunga mkono #10, na nina mfano wa nyumbani. Kisumu, jaribio la tohara kwa wanaume, wanaume 2,784, lilichapishwa 2007. Redioni tulisikia "tohara inapunguza maambukizi ya VVU kwa nusu". Ni kweli. Lakini ndani yake, kwa miaka miwili, waliotahiriwa walioambukizwa walikuwa asilimia 2.1, na ambao hawajatahiriwa 4.2. Hapo unaona pande zote: faida ni kubwa kwa jamii nzima, na bado aliyetahiriwa anaambukizwa. Binamu yangu alisikia ile "nusu" tu, akaelewa amekatiwa bima.

Nikiwa mwanafunzi huku Kenya hilo jedwali moja la namba ilinifungua macho kuliko muhula mzima. Kwa sababu nilikuwa nawajua hao wanaume. Mmoja ni mwendesha bodaboda wa mtaa wetu.

#12 Kibatari

#10, mapitio yale ya BMJ nimeyasoma. Yaliwahusu madaktari waliokwisha kuhitimu, wanaosoma zaidi. Uzi huu ni wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hao unaowazungumzia wewe tayari wana sauti wodini.

#13 Takwimu Tamu

Sahihi kabisa mkuu, nilipaswa kulisema. Narudi nyuma hatua moja: yanadokeza, hayathibitishi kwa wanafunzi wa MD. Halafu unaona? Umenikosoa kwa kuuliza "ni nani walikuwa ndani ya utafiti". Hilo ndilo swali ninalolilia Ijumaa zote.

#14 Madesa Bado Mawili

Kumbe bro Kibatari anajua kuuliza bado. Mwenyewe kasema kaacha miaka kumi iliyopita.

#15 Kibatari

Humu hamna cheo, dogo.

#16 Daktari Mmoja Wilayani

Mimi nitatofautiana nanyi wote, mniwie radhi.

Niko hospitali ya wilaya, madaktari watatu, mmoja yuko masomoni. Saa nane usiku sihitaji kijana anayejua kuchambua machapisho. Nahitaji kijana aliyemeza mwongozo wa matibabu wa taifa na anajua dozi bila kutafuta mtandao ambao haupo. Kuchambua ni kazi ya watu wachache walioketi na muda, wanaandika mwongozo, sisi tunafuata. Wenzetu Kenya wana kijitabu cha huduma za watoto kinachoingia mfukoni, na wanakifundisha mpaka kinaingia damuni.

Na ushahidi wenyewe hautulii. Chukueni sindano ya steroidi kwa mama anayetarajia kuzaa njiti. Mwaka 1972 Liggins na Howie kule New Zealand walionyesha inasaidia mapafu ya mtoto. Ikawa mfano wa kila darasa. Mwaka 2015 likaja jaribio la ACT, nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, kuisambaza mpaka vituo vya chini: vifo vya watoto wachanga kwa ujumla vikaongezeka. Mwaka 2020 jaribio la WHO nchi tano, Kenya imo tena, hospitali zenye ultrasaundi ya kujua umri wa mimba na sehemu ya kuwalea njiti: vifo 19.6 kwa mia dhidi ya 23.5, sindano ikashinda. Sasa mpe hayo matatu kijana wa miaka 23 saa nane usiku. Atamaliza kusoma mtoto ameshakwenda.

#17 Baridi Ontario

Niko Hamilton, Kanada, mji wenyewe ambako jina la tiba ya ushahidi lilizaliwa. Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster ndiye aliyelitumia kwa maandishi mwaka 1991. David Sackett, aliyeanzisha idara ya epidemiolojia ya kitabibu hapa, mwaka 1996 aliandika kwamba tiba hiyo si kupika kwa kufuata kitabu. Ukisoma maelezo yake ni mafiga matatu: ushahidi bora uliopo, ujuzi wa daktari mwenyewe, na yale mgonjwa anayoyathamini. Ondoa figa moja chungu kinamwagika.

Kwa hiyo daktari wa #16, ulichokieleza kuhusu steroidi ndicho hasa kinachofundishwa: umri wa mimba unaujua? Njiti utamlea wapi? Wewe unayafanya, hujayaita kwa jina hilo tu. Ningetamani wanafunzi wangekusikia ukiyasema.

#18 Daktari Mmoja Wilayani

Mkuu wa Ontario, asante, ila wa Hamilton ana mtu wa maktaba anayezunguka naye wodini. Mimi nina kabati la faili na paka.

#19 Mkunga wa Tabora

Mafiga ni manne. La nne ni stoo.

Magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, jaribio la Magpie, 2002, wanawake zaidi ya 10,000. Waliopata sindano, asilimia 0.8 walipata degedege. Waliopata plasebo, sindano isiyo na dawa, 1.9. Wanafunzi wa siku hizi wanalijua hilo vizuri, nawasifu. Mmoja alinieleza mpaka idadi ya nchi, 33. Usiku ule ule mama kaletwa na presha 180 kwa 120, anaona nyota, tumefungua kabati hakuna. Tuliazima kwa wenzetu wa kituo kingine kwa pikipiki. Yule mwanafunzi alilia, akasema "nilichosoma kina faida gani?"

Mama alipona, alhamdulillah. Lakini swali la yule binti sijalijibu mpaka leo.

#20 Mfamasia Mtaani

#19, mlifundishwa kuandika makisio ya dawa? Chuoni udaktari wanajifunza dawa ipi inafanya kazi, hawajifunzi jinsi inavyofika kabatini. Daktari anayejua ushahidi na hajui fomu ya kuagizia ni nusu daktari. Hilo nalo liingie kwenye mtaala, si hesabu tu.

#21 Fundi wa Maabara

Nyote mnaongelea tiba. Kosa kubwa linaanzia kwenye vipimo, na hapo ndipo ningewafundisha mimi.

Mtu anaingia na homa, anatoka na "malaria mbili na taifodi". Taifodi gani? Kipimo cha Widal. Tuchukue namba za kufundishia: watu 1,000 wana homa, wenye taifodi ya kweli ni 20. Kipimo kinawanasa 15. Kati ya 980 wasio nayo, tuseme kinawasingizia 15 kwa kila 100, ni 147. Jumla ya majibu chanya 162, ya kweli 15. Yaani kila watu 11 unaowaandikia dawa ya taifodi, mmoja tu anayo. Namchorea mwanafunzi hiyo kwenye kipande cha boksi la glavu, dakika tano, hasahau.

Na malaria msidhani ni tofauti. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walitibiwa malaria kali. Damu yao ikasomwa upya kwa makini: waliokuwa na vimelea ni 2,062, asilimia 46.1. Chini ya nusu! Na waliofariki zaidi ni wale wasio na malaria, asilimia 12.1 dhidi ya 6.9. Walikuwa na kitu kingine, tukawa tunatibu kingine.

#22 Mama Wawili Temeke

Jamani #21, mimi nimetibiwa taifodi mara nne mwaka huu.

#23 Nesi Zamu ya Usiku

Dada, nenda hospitali uombe kuoteshwa damu, waone kama vijidudu vya taifodi vimo kweli. Usinywe ya tano kabla.

#24 Mzee wa Kilosa

Mimi si daktari, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naomba nafasi.

Mwaka 2011, huo huo mnaousema wa watoto wa dripu, nilikwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa dawa ya Babu. Kikombe kimoja shilingi 500. Nililala kwenye foleni ya magari, na usiku kucha watu wakisimulia. Kila mmoja alikuwa na habari ya mtu aliyepona. Shemeji, jirani, mchungaji. Hakuna aliyesema wangapi walikunywa, wala wale wengine walikuwaje baada ya miezi sita. Na mimi mwalimu wa hesabu sikuuliza! Miaka thelathini nimefundisha sehemu, nimesahau kuuliza asili, ile namba ya chini.

Sikuwalaumu wenzangu. Tulikuwa na maradhi na hofu. Ninachosema, kijana asiyezoezwa kuuliza "kati ya wangapi?" akiwa darasa la tano, mnamtaka aanze kuuliza akiwa na koti jeupe, mbele ya bingwa? Mmechelewa.

#25 Ssebo wa Mbale

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la darasa la tano tumelifanya Uganda, na likapimwa kwa jaribio la nasibu, shule zikigawanywa kama kwa kura.

Shule 120 za msingi mkoa wa kati, watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya shule walifundishwa, kwa kitabu chenye katuni, jinsi ya kupima madai ya tiba: "kupona kwa mtu mmoja hakutoshi", "linganisha na wasiopewa". Likachapishwa kwenye jarida la tiba The Lancet mwaka 2017. Waliofaulu mtihani ni asilimia 69, na shule ambazo hazikufundishwa 27. Wazazi nao walipewa vipindi vya kusikiliza, wakafanya vizuri pia. Baadaye likaja la sekondari: Kenya, Rwanda na Uganda.

Binti yangu alikuwa na umri huo, ingawa shule yake haikuwemo. Nilimsomea kitabu nyumbani. Jumapili moja jirani kaleta mizizi ya presha, mtoto kauliza, "Jirani, mlilinganisha na nani?" Nilitamani ardhi ipasuke, na nilifurahi.

#26 Mzee wa Kilosa

Marahaba mwanangu. Umenipa usingizi mzuri leo.

#27 Kibatari

Nzuri sana, lakini yule mtoto akifika mwaka wa tano wa udaktari atakutana na bingwa wangu wa raundi. Asilimia 69 yote inazimwa siku moja.

#28 Bingwa Asiye na Kiti

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni daktari bingwa, tunaosemwa.

Sababu moja hamjaitaja, na inanigharimu kuisema. Wengi wetu tulisoma kabla haya mambo hayajafundishwa. Mwanafunzi akiniuliza "chapisho gani", mara nyingi sijui. Ubwana mnaouona, nusu yake ni hofu ya kuonekana hatujui. Nilikuwa nawatibu watoto wenye malaria kali kwa kwinini miaka mingi, kwa uzoefu na kwa fahari. Mwaka 2010 likaja jaribio la AQUAMAT, watoto 5,425, nchi tisa za Afrika, Tanzania imo: waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, wa kwinini 10.9. Nilikaa na namba hizo wiki nzima. Nilikuwa nahesabu niliowatibu. Kukubali ushahidi kulimaanisha kukubali kwamba mikono yangu ilikuwa inaweza kufanya vizuri zaidi.

Nilianza kuwaambia wanafunzi, "hili nalifanya kwa mazoea, sijui ushahidi wake, kesho mniletee." Mara ya kwanza nilitetemeka. Hawakunidharau.

#29 Kibatari

Mzee #28, nimekusoma mara mbili. Heshima kwako. Laiti ningekutana nawe mimi.

#30 Madesa Bado Mawili

Naomba kuuliza la vitendo. Hayo ya "kesho mniletee" tunayaleta na nini? Bando la wiki linaisha kwenye picha za madesa. Ukifungua jarida linataka dola.

#31 Takwimu Tamu

Muulize mtu wa maktaba ya chuo chenu nywila ya HINARI. Ni mpango wa WHO tangu 2002, vyuo vya nchi zetu vinasoma majarida bure au kwa bei ndogo. Vyuo vingi vinayo, wanafunzi hawaambiwi. FEAST yenyewe unaisoma bure kwenye tovuti ya New England Journal of Medicine. Anza na hiyo.

#32 Daktari Mmoja Wilayani

Mkishaisoma msikimbilie kufuta dripu zote. Mwongozo wa WHO bado unaruhusu maji kwa mtoto mwenye dalili zote tatu za shoki kwa pamoja, mikono ya baridi, damu kuchelewa zaidi ya sekunde tatu kurudi kidoleni ukikibonyeza, mapigo dhaifu na ya mbio, ila yaingie taratibu, mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60. Na kwa nini waliomiminiwa walifariki zaidi, wenyewe waliochambua baadaye wameona mzunguko wa damu kuporomoka zaidi kuliko mapafu kujaa maji. Sisi wilayani tulikuwa na hakika ni mapafu.

Ndiyo, najua nimesema sihitaji wachambuzi. Nimesoma usiku, paka shahidi.

#33 Mwalimu wa Wodi 4

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Nimejaribu kitu, nawaletea kilivyo.

Kila Alhamisi, mgonjwa mmoja, swali moja, dakika ishirini baada ya raundi. Wanafunzi sita wanalitafutia jibu kwa HINARI au mwongozo wa taifa, mmoja analeta. Nesi wa zamu anakaa nasi, hilo nimelichukua kwa #7, na mwisho mwanafunzi anamweleza mama wa mtoto kwa Kiswahili, mbele yetu. Hapo ndipo wanapokwama kabisa. Kijana anaweza kusoma jedwali lote, akifika kwa mama anasema "utafiti umeonyesha". Mama anatikisa kichwa tu.

Wiki ya kwanza walileta FEAST. Ya pili hawakupata kitu, swali lilikuwa gumu na mtandao ulikata. Tukasema hatujui, tukaliandika ukutani. Ya tatu yule aliyenyamaza mwanzo aliuliza kuhusu dawa niliyoandika mwenyewe. Nilipandwa na joto, sitaficha. Nikamwambia lete. Ameleta, bado tunabishana.

Sijui kama itadumu zamu ikibadilika. Mwenzangu wa wodi ya jirani anasema napoteza muda wa raundi, na wagonjwa kweli wanasubiri.

#34 Mkunga wa Tabora

Na stoo, mmeitembelea?

#35 Mwalimu wa Wodi 4

Bado, dada. Alhamisi ijayo nawapeleka, na Mfamasia #20 nitamwibia wazo la fomu.

#36 Tabibu wa Zahanati

Mimi ni tabibu, si MD, zahanati yangu iko kilomita 60 na chuo chochote. Hizo Alhamisi mnaandika majibu yenu mahali? Nina mtoto wa tatu mwezi huu mwenye homa na kipimo cha malaria hasi, na ninachojua ni kile nilichofundishwa mwaka 2009.